Petro, Kristo na jiwe la pembeni: kanisa limejengwa juu ya nini, na umoja wake unatunzwaje?

Swali la msomaji: Sisi ni kikundi cha maombi cha watu 12 kutoka madhehebu manne. Tumesoma Biblia pamoja kwa amani mpaka tulipofika Mathayo 16. Mmoja wetu akasema kanisa la kweli ni lile tu lililojengwa juu ya Petro. Wa pili akajibu kwamba msingi ni Yesu peke yake, na mengine yote ni ya wanadamu. Wa tatu akasema kanisa la kweli hutambulikana kwa jina, lazima jina lake liwe ndani ya Biblia. Sasa wengine hawaji tena. Msingi wa kweli ni upi? Na umoja ambao Yesu aliuombea unapatikanaje kwa watu waliogawanyika hivi?

Jibu:

Ndugu msomaji, nitangulize jibu lenyewe, halafu nilieleze kwa kirefu, kwa sababu jambo lililoanza kuwatawanya ni kubwa na linastahili muda.

Msingi wa kanisa ni Yesu Kristo aliyesulubiwa na kufufuka, kama mitume walivyomshuhudia. Hayo maneno ya mwisho msiyaruke. Ukimtaja Kristo ukawaacha mitume, kila mtu atabaki na Kristo wa kujitengenezea. Ukiwataja mitume ukamwacha Kristo, utabaki na orodha ya majina ya watu waliokufa zamani. Kuhusu umoja, Maandiko hayatuagizi popote tuuunde. Waefeso 4:3 inasema tujitahidi "kuuhifadhi umoja wa Roho katika kifungo cha amani", na mtu huhifadhi kitu alichokwisha kupewa.

Ugomvi wenu umeanzia kwenye aya moja, lakini Agano Jipya lina picha kadhaa za msingi, na hazikuchorwa kwa mkono mmoja. Katika 1 Wakorintho 3:11 Paulo ni fundi na Kristo ndiye msingi: "Maana msingi mwingine hakuna mtu awezaye kuuweka, isipokuwa ni ule uliokwisha kuwekwa, yaani, Yesu Kristo." Katika Waefeso 2:20 mitume na manabii ndio msingi, na Kristo ni jiwe kuu la pembeni. Katika Ufunuo 21:14 ukuta wa mji una misingi 12 yenye majina ya mitume 12. Katika Mathayo 16:18 Kristo mwenyewe ndiye mjenzi, na mwamba unatajwa mbele ya Simoni aliyetoka kukiri. Mkizichukua picha hizi nne kama ramani moja ya nyumba moja, lazima zigongane. Kila moja ilitolewa kujibu shida yake. Wakorintho walikuwa wakigombania wahubiri, wakakumbushwa kwamba mhubiri ni kibarua tu. Waefeso, watu wa mataifa, walihitaji kujua kama kweli wamo nyumbani.

Hapo kwenye Waefeso natamani mkae zaidi, maana ndiko swali lako la msingi na swali lako la umoja yanakokutana. Fundi wa mawe wa zamani hakuanza na ukuta. Alianza na jiwe la kona. Alilichonga mpaka pembe zake zikawa sawasawa, akalilaza, akalipima kwa timazi, kisha akavuta kamba kutoka kwenye jiwe hilo kwenda pande mbili. Kila jiwe lililofuata lilipimwa kwa kamba hiyo. Isaya 28:16 inataja jiwe la pembeni lililojaribiwa, na aya inayofuata inataja kipimo na timazi. Nabii alijua kazi ya ujenzi. Sasa angalieni kuta mbili zinazotoka kwenye kona. Moja inaelekea mashariki, nyingine kaskazini, wala haziangaliani. Lakini ni za nyumba moja, kwa sababu zote mbili zimepimwa kwa jiwe lile lile. Jiwe likilala kombo kwa upana wa kidole, kosa hilo huzidi kadiri ukuta unavyorefuka, na fundi hagundui mpaka anapotaka kuweka paa.

Kuta mbili alizokuwa nazo Paulo moyoni ni Wayahudi na mataifa. Anasema Kristo "akakibomoa kiambaza cha kati kilichotutenga". Kiambaza hicho msomaji wa wakati ule aliweza kukiona kwa macho. Hekalu la Yerusalemu lilikuwa na ukuta mfupi wa mawe, dhiraa tatu kwenda juu kwa maelezo ya Yosefo, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza, ulioutenga ua wa mataifa na ua wa ndani. Juu yake palikuwa na mabamba ya onyo. Bamba zima lilipatikana mwaka 1871 na sasa limo katika jumba la makumbusho Istanbul: mistari saba ya Kigiriki inayomwambia mgeni asipite, na kwamba atakayekamatwa atakuwa amejiletea kifo mwenyewe. Katika Matendo 21:28-29 Paulo anakamatwa kwa sababu watu walidhani amempitisha Trofimo, Mwefeso, ndani ya mpaka huo. Kwa hiyo umoja katika barua kwa Waefeso si adabu ya watu wa dini kusalimiana. Ni watu ambao sheria ya mawe ilisema wasisimame ua mmoja, wakawekwa katika nyumba moja na jiwe moja la kona.

Tuje kwa Petro. Katika Mathayo 16:18 kuna mchezo wa maneno ambao Kiswahili kimeupoteza, kwa kuwa "Petro" na "mwamba" kwetu hayafanani hata herufi. Kwa Kigiriki ni *Petros* na *petra*. Kwa Kiaramu, lugha Yesu aliyozungumza na wanafunzi wake, jina na mwamba ni neno moja, *Kefa*, na ndiyo sababu Yohana 1:42 na barua za Paulo zinamwita Kefa. Mtawasikia watu wakisema *petros* ni kijiwe na *petra* ni jabali, kwa hiyo Yesu hakumkusudia Petro. Hoja hiyo ni dhaifu. Tofauti hiyo ilionekana zaidi katika ushairi wa Kigiriki wa kale, na *petra* ni neno la jinsia ya kike, lisingefaa kuwa jina la mwanamume. Usomaji ulio rahisi kuliko wote ni kwamba Yesu anamwambia Simoni mwenyewe, lakini Simoni aliyetoka kusema "Wewe ndiwe Kristo, Mwana wa Mungu aliye hai." Mtu na ukiri wake havitengani. Someni mbele kidogo tu. Katika aya ya 23, Simoni huyo huyo anapoukataa msalaba, anaitwa kikwazo, jiwe la kuwakwaza watu. Akiwa na ukiri ni mwamba, na akiupinga msalaba ni jiwe la kujikwaa.

Mababa wa kanisa, yaani walimu wa karne zake za kwanza, hawakuisoma aya hii kwa namna moja, na ni vyema kila upande katika kikundi chenu ulijue hilo. Yohane Krisostomo alieleza kwamba mwamba ni imani ya ukiri. Origene alisema kila anayekiri kama Petro anakuwa mwamba. Augustino mwanzoni aliandika kwamba mwamba ni Petro, baadaye akauelekeza kwa Kristo aliyekiriwa, na uzeeni alipokuwa akipitia maandishi yake alimwachia msomaji achague. Katekisimu ya Kanisa Katoliki yenyewe, namba 424, inasema Kristo alilijenga Kanisa lake juu ya mwamba wa imani hii iliyokiriwa na Petro. Kwa hiyo anayemwambia Mkatoliki "ninyi mmemweka Petro mahali pa Kristo" hajasoma anachofundisha Mkatoliki. Na anayemwambia Mprotestanti "ninyi mmemdharau Petro" naye hajasikiliza.

Tofauti ya kweli haiko katika kama Petro alipewa nafasi. Alipewa. Alikabidhiwa funguo, na hapo mnaisikia Isaya 22:22 juu ya ufunguo wa nyumba ya Daudi. Katika Luka 22:32 aliambiwa awaimarishe ndugu zake, na katika Yohana 21 alishe kondoo. Tofauti ni kama nafasi hiyo inarithiwa, na ikirithiwa ina mamlaka gani. Mathayo 16 haitaji mrithi. Wakatoliki hujibu kwamba kanisa la mwanzo lenyewe ndilo linaloonyesha urithi huo: Irenei, askofu wa Lyon, karibu mwaka 180, aliorodhesha maaskofu wa Roma mmoja baada ya mwingine. Mamlaka ya Papa juu ya Kanisa lote yalitamkwa rasmi kuwa fundisho la imani mwaka 1870. Waorthodoksi wanakubali kwamba askofu wa Roma alikuwa wa kwanza kwa heshima, kama kanuni ya 3 ya Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Konstantinopoli ya mwaka 381 inavyosema, lakini wanakataa kwamba heshima hiyo ni utawala. Waprotestanti husema msingi huwekwa mara moja, na ushuhuda wa mitume tunao sasa katika Maandiko. Mnaweza kutofautiana hapo kwa uaminifu. Lakini jueni kwamba mnatofautiana kuhusu uongozi wa nyumba. Jiwe la kona ni moja kwenu nyote. Petro mwenyewe, katika barua yake ya kwanza, anamwita Kristo jiwe lililo hai, na yeye anajiita mzee, mwenzi wa wazee wengine.

Ndugu yenu wa jina nitamjibu kwa ufupi. Agano Jipya linaliita kanisa "kanisa la Mungu" (1 Wakorintho 1:2) na "makanisa ya Kristo" (Warumi 16:16). Waamini wanaitwa watu wa "Njia" (Matendo 24:14) na Wakristo (Matendo 11:26). Majina ni mengi, na hakuna hata moja lililotolewa kuwa nembo ya usajili. Tena Korintho walikuwepo waliosema "mimi ni wa Kristo", na Paulo anawataja katika orodha moja na wale wa Paulo, wa Apolo na wa Kefa. Hata jina la Bwana linaweza kushikwa kama bendera ya kundi.

Basi ndani ya msingi kuna nini hasa? Paulo anatupa maneno aliyoyapokea kabla yake na kuwapa Wakorintho "hapo mwanzo". Yako katika 1 Wakorintho 15:3-5: Kristo alikufa kwa ajili ya dhambi zetu kama yanenavyo Maandiko, alizikwa, alifufuka siku ya tatu kama yanenavyo Maandiko, na alimtokea Kefa, kisha wale Thenashara. Vitenzi vinne. Barua hiyo iliandikwa katikati ya miaka ya 50, na maneno yenyewe ni ya zamani kuliko barua. Shukeni mpaka aya ya 11, ambako Paulo anasema kwamba awe ni yeye au wawe ni wale wengine, hivyo ndivyo wanavyohubiri wote. Yule aliyemkemea Kefa hadharani Antiokia anasema injili yake na ya Kefa ni moja. Baadaye kanisa liliongeza maneno ya kuilinda injili hiyo, kwa mfano katika Imani ya Nikea ya 325 iliyokamilishwa 381, inayokiri "kanisa moja, takatifu, katoliki, la mitume". "Katoliki" hapo maana yake ni la watu wote na mahali pote, na makanisa mengi ya Kiprotestanti huikiri Imani hiyo pia.

Katika 1 Wakorintho 3 kuna tofauti ambayo ingewaokoa watu wengi na ugomvi kama wangeishika. Juu ya msingi huo huo mtu anaweza kujenga kwa dhahabu, fedha na mawe ya thamani, au kwa miti, majani na manyasi. Moto utaijaribu kazi. Aliyejenga kwa manyasi kazi yake itateketea, lakini yeye mwenyewe ataokolewa. Hilo ni jambo moja. Jambo jingine ni Wagalatia 1:8, ambako anayehubiri injili nyingine analaaniwa, hata akiwa malaika. Kujenga vibaya juu ya msingi wa kweli, na kumwaga msingi mwingine, ni makosa mawili tofauti. Nionavyo mimi, sehemu kubwa ya mafarakano ya kanisa imetokana na kuyachanganya haya mawili: mtu anaona manyasi kwenye ukuta wa jirani, anapiga kelele kwamba hakuna msingi. Au kinyume chake, anaona ukuta umepakwa rangi nzuri na kuna umati, hajali kuangalia chini umesimama juu ya nini.

Mhubiri aliyeweka msingi mwingine mtamtambua kwa mambo machache. Kristo anatajwa, lakini kama mlango wa kumfikia yeye mhubiri. Msalaba na ufufuo vinahubiriwa wiki ya Pasaka tu. Wokovu unafungwa na kitu ambacho mitume hawakukifunga, kama vile ufunuo wa mtu mmoja, mafuta maalumu, mavazi au sadaka ya kiasi fulani. Na anayeuliza swali la Maandiko anaambiwa anampinga mtumishi wa Mungu. Dalili moja peke yake inaweza kuwa udhaifu wa mtu. Zikikutana zote, ondokeni.

Sasa umoja. Katika Injili zote nne neno "kanisa" linatokea katika aya mbili tu, Mathayo 16:18 na Mathayo 18:17. Ya kwanza inasema kanisa limejengwa juu ya nini. Ya pili inasema ndugu wawili wakikosana wafanye nini. Mwenye nyumba hakulitumia neno hilo pengine katika Injili. Na katika ile sala ya Yesu ya Yohana 17, aya ya 20 inawaombea wale watakaoamini "kwa sababu ya neno lao", neno la mitume, ndipo aya ya 21 inafika kwenye "wote wawe na umoja". Kuta husogeleana kwa kupimwa upya kwa jiwe la kona. Zikivutwa kwa kamba zikutane katikati zitapasuka, na historia inaonyesha namna tatu za kupasuka huko.

Namna ya kwanza ni kuuegemeza umoja kwenye usafi wa viongozi. Katika mateso ya Dioklesiano, kaisari wa Roma, yaliyoanza mwaka 303, baadhi ya makasisi Afrika Kaskazini waliyatoa Maandiko yachomwe moto. Mateso yalipokwisha, kundi lililokuja kuitwa Wadonati likasema ubatizo na huduma za watu hao, na za wote waliowekwa wakfu nao, ni bure. Wakajitenga kwa zaidi ya miaka 100. Augustino aliwajibu kwamba ubatizo ni wa Kristo, si wa mbatizaji, na jibu hilo liko sahihi mpaka leo: mchungaji wako akianguka kesho, ubatizo wako haukuanguka naye. Lakini baada ya mkutano wa Karthago wa mwaka 411 serikali ya Roma ilitumia nguvu kuwarudisha, na Augustino aliunga mkono nguvu hiyo. Hapo alikosea, na hoja nzuri ikabebwa na mkono mbaya. Watu waliorudishwa kwa faini na kunyang'anywa majengo walirudi kwa mwili tu.

Namna ya pili ni umoja wa sahihi. Mwaka 1439 huko Firenze, Italia, wajumbe wa Mashariki na Magharibi walitia sahihi muungano. Kaisari wa Konstantinopoli alihitaji msaada wa kijeshi dhidi ya Waturuki, na maaskofu wengi wa Mashariki walitia sahihi kwa shinikizo. Marko, askofu wa Efeso, alikataa. Wajumbe waliporudi nyumbani, mapadri, watawa na waumini wa kawaida hawakuupokea, na muungano ukabaki karatasi. Viongozi wakikubaliana bila waumini kufundishwa na kusikilizwa, hakuna kilichounganishwa.

Ya tatu inasikitisha zaidi, maana watu walikuwa karibu mno. Oktoba 1529 huko Marburg, Ujerumani, Luther na Zwingli walikutana kupatanisha matengenezo ya kanisa waliyoyaongoza, Luther Ujerumani na Zwingli Uswisi. Luther aliandika kwa chaki mezani, kwa Kilatini, "Huu ndio mwili wangu", akasimama hapo. Katika vifungu 15 walikubaliana 14, na sehemu kubwa ya kile cha 15. Kilichobaki ni kama mwili na damu ya Kristo vimo kweli katika mkate na divai. Walitengana. Sisemi jambo lile lilikuwa dogo. Nasema hawakuwa na chombo cha kushikia vifungu 14 huku wakiendelea kukizungumza kimoja, na kundi lisilo na chombo hicho huvunjwa na tofauti moja.

Panapofanyika vizuri, hufanyika polepole na kwa maandishi. Mazungumzo yaliyoanza Tranquebar, India, mwaka 1919 yalizaa Kanisa la India Kusini tarehe 27 Septemba 1947, baada ya miaka 28, likiwaunganisha Waanglikana, Wamethodisti na wale waliokwisha kuungana wa Presbiteri na wa Kongregesheni. Waliamua kwamba wachungaji waliopo wapokelewe kama walivyo, na wapya wote wawekewe mikono na maaskofu. Hakuna aliyelazimishwa kukiri kwamba huduma yake ya nyuma ilikuwa batili. Tarehe 7 Desemba 1965 Papa Paulo VI na Patriarki Athenagoras wa Konstantinopoli waliziondoa laana ambazo Roma na Konstantinopoli zilitoleana mwaka 1054. Tarehe 31 Oktoba 1999, huko Augsburg, Wakatoliki na Walutheri walitia sahihi tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki, lile lile lililowatenga karne ya 16. Bado hawashiriki meza moja, na tamko halikudai kwamba wanashiriki. Kila upande ulisema kwa uwazi ulipofika.

Sasa kikundi chenu cha watu 12. Ninyi si mtaguso, wala hamna mamlaka ya kuunganisha madhehebu. Mna mamlaka ya kuwa ndugu. Fanyeni hivi kwa wiki nne.

Wiki ya kwanza msirudi Mathayo 16. Someni 1 Wakorintho 15:1-11, kila mtu aseme kwa maneno yake kama anaamini vitenzi vile vinne. Mkigundua kwamba wote 12 mnaamini, yaandikeni, kila mmoja abaki na nakala. Hicho kiwe chombo cha kushikia mnachokubaliana huku mkiendelea kuyazungumza mengine. Wiki ya pili someni Waefeso 2:11-22, mkiangalia kiambaza na kona. Wiki ya tatu ndipo Mathayo 16:13-28, na msikatishe kwenye aya ya 20, kwa sababu kemeo la Petro ni sehemu ya somo. Someni sambamba na Mathayo 7:24-27, ambako neno la Kigiriki la mwamba ni lile lile, na anayejenga juu yake ni yule asikiaye maneno ya Yesu na kuyafanya. Wiki ya nne Waefeso 4:1-16, mkihesabu zile "moja" saba: mwili, Roho, tumaini, Bwana, imani, ubatizo, Mungu. Angalieni pia kwamba umoja wa Roho katika aya ya 3 unahifadhiwa sasa, na umoja wa imani katika aya ya 13 bado tunauendea. Aya hizo mbili zikichanganywa, wengine wataudai umoja wa imani leo kwa nguvu na wengine watakata tamaa kwamba hakuna umoja kabisa.

Wiki ile ya tatu wekeni kanuni moja: hakuna anayepinga msimamo wa mwenzake kabla hajaueleza mpaka mwenzake aseme, "Ndiyo, hivyo ndivyo ninavyoamini." Mkatoliki aeleze kwa nini Mpentekoste anasema Maandiko yanatosha. Mpentekoste aeleze kwa nini Mkatoliki anazitaja funguo. Jaribio hili ni gumu kuliko linavyosikika. Wengi hushindwa mara mbili tatu, na kushindwa huko kunawafundisha zaidi ya mjadala wenyewe.

Mkishatofautiana, liwekeni jambo mahali pake. Je, linagusa vitenzi vinne? Hilo ni la msingi, hamwezi kulipuuza. Je, linahusu ubatizo, Meza ya Bwana, uongozi, karama? Hilo ni la ukuta. Ni zito, kila mtu abaki na mafundisho ya kanisa lake, na kikundi kisilipigie kura. Je, linahusu chakula, siku, mavazi, namna ya kusali? Hilo ni la Warumi 14, na agizo la Paulo ni kwamba anayekula asimdharau asiyekula, naye asiyekula asimhukumu anayekula.

Kuna mambo mawili msiyafanye kikundini hata mkiona upendo umejaa. Msimbatize mtu tena. Baadhi ya makanisa hupokea ubatizo wowote wa maji uliofanywa kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, mengine hubatiza waamini wazima tu. Mkibatiza ninyi mmeamua jambo ambalo si lenu kuliamua. Na msiumege mkate wa Meza ya Bwana. Wakatoliki na Waorthodoksi kwa kawaida hawashiriki nje ya kanisa lao, na mwenzenu atalazimika kuchagua kati ya dhamiri yake na ninyi. Kuna mengi ya kufanya pamoja: kusali Baba Yetu, kusoma Zaburi, kumtembelea mgonjwa, kufunga, kuchangia aliyefiwa.

Mtu akimkosea mwenzake, tumieni Mathayo 18:15-17 kwa mpangilio wake: wawili peke yao kwanza, kisha shahidi mmoja au wawili, ndipo wengine. Kosa la siku hizi ni kuanzia hatua ya mwisho, kwa kuandika kwenye kundi la WhatsApp kabla ya kwenda kumwona mtu. Lakini msitumie aya hiyo kwa tofauti za tafsiri. Ndugu anayesoma Mathayo 16 tofauti na wewe hajakukosea. Tofauti ya mafundisho hufuata njia ya Matendo 15: walioona kazi ya Mungu wanashuhudia, Maandiko yanafunguliwa, mmoja anakusanya maneno ya wote, matokeo yanaandikwa na kupelekwa na watu wanaoaminika. Barua ile ya Yerusalemu ilikuwa na masharti manne tu. Wangeweza kuandika arobaini.

Wale walioacha kuja wafuateni wawili wawili, mkiwa na ile karatasi ya wiki ya kwanza. Msiwaombe wabadili msimamo juu ya Petro. Waulizeni kama wanaamini yaliyoandikwa hapo. Wakisema ndiyo, waambieni kiti chao kipo, na somo la wiki ijayo ni Waefeso 2.